Mgeni Rasmi wa Kuivunja Timu

Mungu anisamehe, nami nilimcheka Mwalimu Zawena alipokwenda kuomba chuo chetu kiingizwe kwenye ligi ya vyuo.

"Wachezaji pekupeku, magoli ya mianzi!" mwenyekiti wa ligi, Bwana Kihwelo, tajiri wa mabasi anayefadhili timu ya chuo jirani, alimwambia. "Ligi si ngoma ya mtaani, mama. Njooni mtuuzie karanga."

"Basi tunaivunja timu, mheshimiwa. Karibu uwe mgeni rasmi siku hiyo," Mwalimu akajibu."

Bwana Kihwelo alikuja kavaa suti, kaongozana na mkewe na waandishi wa habari, akakenua meno meza kuu. Uwanja ulifurika. Mwalimu akasoma risala:

"Mgeni rasmi, timu hii inakufa kwa kukosa viatu na magoli ya chuma tu. Tumemwita mwenye uwezo. Kama naye hana, tuizike."

Mkewe akamkanyaga mguu. Kamera zikainuliwa.

"Nitatoa… vyote," akasema, jasho likimtoka.

Vigelegele! Mwalimu akampa mkono. "Ahsante, baba. Kuna kingine cha kutuzuia kuingia ligi?"

"Hakuna," akanong'ona.

"Sema kwenye kipaza sauti, wasikie."

Akasema. Jumamosi tunacheza na timu yake. Tafadhali, njoo utushangilie.