Jiwe Lililobadilisha Mapaji ya Watu

Kulikuwa na wakati ambapo mifupa ya vichwa vya watu ilikuwa laini kama udongo wa mfinyanzi, na mapaji ya uso yalikuwa ya aina moja tu. Mzee, kijana, mwanamume, mwanamke, wote walikuwa na paji la mviringo lililotokeza mbele, kama la mtoto anyonyaye.

Watu hao waliishi mlimani, na chemchemi yao ilikuwa moja. Mwiko wake ulikuwa kwamba mkono usiiguse, kwa sababu mkono ndio unaochinja na ndio unaopiga. Mtu alipiga magoti akanywa kwa mdomo, na mitungi iliteremshwa majini kwa kamba.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, ardhi ilitetemeka. Jiwe kubwa kama kibanda liliporomoka likaziba mdomo wa chemchemi. Kwa kuwa lilikuwa limegusa maji, nalo likawa halishikwi kwa mkono.

"Tutalisukuma kwa vichwa," alisema Mzee Mrutu, mlinzi wa chemchemi.

Wanaume walipokezana. Kila mmoja alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akakimbia na kulipiga jiwe kwa paji. Kila mmoja alitaka aonekane ndiye aliyelisogeza. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Mapaji yao yakaanza kulala kwa nyuma, na mfupa uliosukumwa ukajikusanya juu ya macho kama ukingo wa shamba.

Msichana mmoja aliyeitwa Namkunda alikuwa ameketi pembeni na mdogo wake mgongoni. Mdogo huyo, Nakiete, alikuwa na miezi minne. Maziwa ya mama yao yalikuwa yamekauka, na tangu alfajiri ya siku ya tatu mtoto hakulia tena. Namkunda alimsikia akipumua tu shingoni mwake, pumzi fupi fupi. Hakuliondoa jicho kwenye jiwe. Ndipo alipoona kwamba kila lilipopigwa, lilizama ndani zaidi.

Akamwendea mlinzi. "Shikamoo, babu. Jiwe linaingia, halitoki. Tulivute kuelekea kando."

"Marahaba. Tulivute kwa kitu gani, mjukuu wangu?"

Namkunda alionyesha ukanda wake wa ngozi, ule ambao wanawake wa mlima huo huuvaa kwenye paji wanapobeba kuni mgongoni.

Wanaume walicheka. "Leo jiwe limekuwa kuni!" alisema mmoja, damu ikimchuruzika puani.

"Afadhali kuni," alijibu mama mmoja, "kuliko nyinyi mnaopigana vichwa kama kondoo dume, na jiwe lenyewe wala halijawajibu!"

"Ukanda umeshikwa na mikono," alisema Mzee Mrutu. "Ni mwiko."

"Na kamba za mitungi, babu, zinashikwa na nini?"

Mzee Mrutu aliitazama mitungi na kamba zake. Kisha akasogea kando.

Wanawake waliunganisha kanda zao, wakazirusha zikalizunguka jiwe. Walilipa jiwe mgongo, wakaegemeza mapaji kwenye ngozi, wakavuta. Hawakukimbia. Walivuta kwa pamoja, wakapumzika kwa pamoja. Jua lilipanda, ukanda ukamkata Namkunda nyusi, miguu ikateleza kwenye vumbi. Mtoto mgongoni mwake alikuwa mwepesi mno, na wepesi huo ndio uliomfanya akatae kuacha.

"Pumzika wewe!" mama yake alimsihi.

"Akipumzika huyu niliyembeba, mimi nitapumzika kwa ajili ya nini? Vuteni!"

Alasiri jiwe lilikwaruza, likayumba, likabingirika. Maji yakaruka.

Namkunda alipiga magoti, akajaza mdomo, akamgeuza Nakiete mbele, akamdondoshea tone moja, na jingine. La tatu mtoto alilimeza. La nne akalia, na mama yao akalia pia.

Watu wote waliinama wakanawa nyuso, bila mikono, kwenye maji yaliyokuwa yakimwagika. Lakini maji hayo yalikuwa yamebanwa siku tatu chini ya jiwe, nayo yalichukua ugumu wake. Kila paji yaliloligusa likakauka vile lilivyokuwa. Mama alitaka kumnawisha Nakiete pia. Namkunda, aliyehisi paji lake limekuwa gumu, akamzuia.

"Usimnawishe, mama. Kichwa chake bado kidogo. Kikikauka sasa, kitakuaje?"

Akina mama wengine wakasikia, wakawaficha watoto wao kwenye khanga.

Basi toka alasiri ile, mwanamume ana paji lililolala nyuma na ukingo juu ya macho. Mwanamke ana paji lililosimama wima, bila ukingo, kama ukanda ulivyolinyoosha. Mvulana huzaliwa na paji la mviringo sawa na dada yake, mpaka sauti yake ianze kukwaruza. Hapo mfupa wake hukumbuka jiwe. Na ukimgusa mtoto mchanga utosini, taratibu, utakuta pale panapopwita chini ya kidole. Ni pale ambapo Namkunda alikataa pakauke.