Sumaku Mlangoni

Leo nawaletea habari ya gari. Najua wengine mnasema magari ni mambo ya wanaume, lakini vumilieni kidogo, maana ndani ya gari hili tumepanda sote, na hakuna aliyeulizwa kama anataka safari.

Alikuwapo fundi mmoja wa magari, na mke wake, na binti yao. Mke huyo tutamwita Mama Ndeshi, kwa kuwa mtaa mzima ulimwita hivyo na hata mumewe pia. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kadi ya kliniki. Ndeshi mwenyewe alikuwa na miaka saba, mashavu ya mviringo, na pumu.

Fundi huyu hakuwa mlevi. Nalisema mapema ili msimtupe nje ya kanisa kabla hadithi haijaanza. Hakuwahi kumpiga mtu, na Jumapili alikaa benchi la tatu kutoka mbele, shati limepigwa pasi. Alikuwa na kitu kimoja tu kilichomkaa moyoni. Kwenye shamba la kahawa lililotelekezwa alikuta bodi la gari la zamani sana, kuku wanatagia ndani. Akaliomba, akapewa, akalivuta nyumbani kwa trekta. Akalipunguza paa, akalivua mabawa ya juu ya matairi, akalipandishia injini kubwa mara mbili ya ile lililozaliwa nayo. Magari ya namna hiyo wenyewe wanayaita hotirodi: sura ya babu, miguu ya kijana.

Kulikuwa na chama cha watu wenye magari hayo, kama ishirini hivi. Kila mwaka, Jumamosi moja ya Agosti, waliyapanga kwenye uwanja wa maonyesho, wakazungusha kamba, na mwenyekiti akayakagua moja moja. Lililopita lilipigiliwa kibati cha shaba mbele: hotirodi ya kweli. Lisilopita liliitwa mkweche, na mwenye nalo aliitwa lolote walilojisikia kumwita.

Sasa ulizeni, hotirodi ya kweli ni ipi? Hapo ndipo wangebishana mpaka chai ipoe. Huyu anasema ni injini. Yule anasema ni bodi, lazima liwe limemzidi umri mwenye gari. Mwingine anasema kama hukulijenga kwa mikono yako, hata likiruka angani ni takataka. Wakakubaliana mambo mawili tu. La kwanza, bodi lote liwe chuma, bila ile puti wanayozibia matundu na kupaka rangi juu yake. La pili, siku ya ukaguzi ndani ya gari kusiwe na kitu chochote kichanga kuliko gari lenyewe. Hata kalamu ya plastiki. Hata mfuko wa dukani.

Mwaka wa kwanza fundi alikataliwa kwa ajili ya puti kwenye ubavu. Mwenyekiti, mstaafu wa reli, alitembea na sumaku iliyofungwa kwenye uzi. Aliiweka kwenye bati, na pale isiposhika, ikadondoka, wanaume walipiga miluzi. Mwaka wa pili chuma kilishika kila mahali, ila chini ya kiti mwenyekiti akaokota kifuniko cha soda. Miluzi tena. Mama Ndeshi alikuwapo siku hiyo. Aliona mabega ya mumewe yanavyoinama. Tangu hapo alikitaka kile kibati cha shaba kama yeye mwenyewe ndiye aliyelala chini ya gari miaka yote ile. Alisugua taa kwa dawa ya meno. Alisugua ringi kwa majivu. Kwa hiyo msije mkasema alikuwa mwanamke asiye na hatia. Hakusema hivyo mwenyewe.

Mwaka wa tatu ukafika. Asubuhi ile fundi alikuwa anakung'uta gari kama mtu anayetafuta chawa. Kila alichokitoa alikitupia kwenye beseni: kitana cha plastiki, mwamvuli wa mtoto, na kutoka kwenye kisanduku cha deshibodi, pampu ya pumu, ile ya buluu ambayo haikuwahi kutoka mle ndani.

"Mama Ndeshi, peleka haya ndani."

"Pampu nayo?"

"Ina umri gani hiyo? Ina miezi sita. Gari lina miaka sabini. Itie kwenye mkoba wako."

Akasema sawa. Akabeba beseni, akaliweka juu ya meza ya jikoni, na alikuwa amenyoosha mkono kuchukua pampu pale mumewe alipoita kutoka nje, "Kitambaa! Leta kile kikavu, kuna alama ya kidole mlangoni!" Akachukua kitambaa. Akatoka. Mnaona ilivyo rahisi? Hakuna shetani aliyeingia jikoni. Ni kitambaa tu.

Uwanjani magari yalikuwa yamepangwa kumi na manne, yanang'aa mpaka macho yanauma. Ndeshi alikimbia akashika usukani wa baba yake kupitia dirishani.

"Mtoe huyo," mwenyekiti akasema, na alikuwa anacheka. "Ni kichanga kuliko gari!"

Watu wote wakacheka. Fundi akacheka. Mama Ndeshi naye akacheka, akamvuta mtoto nje ya kamba, wakakaa kwenye nyasi kavu. Na zile nyasi, na vumbi la matairi, na moshi wa injini zilizokuwa zinanguruma ili zisifiwe, ndivyo vilivyomwamshia mtoto pumu. Alianza kwa kikohozi kidogo. Halafu mluzi kifuani. Mama anaujua mluzi ule kama anavyoijua sauti ya mlango wake.

Akatia mkono kwenye mkoba. Leso. Funguo. Andazi lililofungwa kwenye karatasi. Mkono ukaendelea kutafuta, ingawa kichwa kilikuwa tayari kinaliona lile beseni juu ya meza.

Akavuka kamba. Mwenyekiti alikuwa ameshamaliza mbele, juu na ubavu wa kulia wa gari lao. Sumaku ilikuwa imeshika kote. Wanaume walikuwa kimya, na ukimya wao ulikuwa wa heshima, jambo ambalo fundi hakuwahi kulipata kwao.

"Baba Ndeshi, mtoto amebanwa. Pampu iko nyumbani. Twende hospitali."

Fundi hakugeuka. "Imebaki milango miwili," alisema kwa sauti ya chini. "Mwinamishe mbele, msugue mgongo. Si huwa inaachia?"

"Leo haiachii."

"Milango miwili tu, mama."

Mama akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, nakuomba. Likitoka mara moja litarudi."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani kabisa. "Dada yangu, kanuni sikuzitunga peke yangu. Likivuka kamba kabla sijaandika, limejitoa. Mwaka mzima umekwenda na maji. Mwulize mumeo kama anataka."

Hakumwuliza. Aliwaendea wenye magari mengine. Wa kwanza alisema gari lake limeletwa juu ya lori, na lori limekwenda mjini. Gari lenyewe halijawahi kukanyaga lami tangu lijengwe. Injini ya nguvu za farasi mia tatu, ndugu zangu, na halijawahi kukanyaga lami. Wa pili alisema tangi ni tupu, wanaondoa mafuta ili harufu isiharibu ngozi ya viti. Wa tatu alitazama viatu vya Mama Ndeshi, vilivyojaa vumbi, akatazama mazulia yake, akasema, "Mama, si kuna bodaboda pale getini?"

Getini hapakuwa na bodaboda. Siku ile polisi walikuwa wamewaondoa wote ili wasiyakwaruze magari ya maonyesho.

Magari kumi na manne. Yote yamejengwa kwa ajili ya kitu kimoja duniani, kukimbia. Nani alikimbia? Ni yule mama, amembeba mtoto wa miaka saba mgongoni, anashuka kwenye barabara ya vumbi bila kanga ya kumfungia.

Fundi aliwaona wakiwa tayari mbali. Kilichomwamsha sikijui. Labda ni mkono wa mtoto ulivyokuwa unaning'inia, haujashika bega la mama yake. Mwenyekiti alikuwa ameweka sumaku kwenye mlango wa mwisho, anainama kuandika. Fundi akaruka ndani, akawasha, akapita katikati ya kamba ikakatika, na kalamu ya mwenyekiti ikabaki hewani.

Akawafikia barabarani, akawapakia. Na gari lile, mtanisamehe, liliruka. Miaka minne ya kazi haikuwa uongo. Nyuma hapakuwa na kiti, alikuwa amekivua kwa sababu wajuzi walimwambia hotirodi ya kweli haina kiti cha nyuma, kwa hiyo Mama Ndeshi alikaa kwenye bati tupu, amemweka mtoto kifuani, anahesabu pumzi. Kilomita kumi na mbili walizimaliza kabla hesabu yake haijafika mia mbili. Halafu akaacha kuhesabu, kwa sababu hapakuwa tena na cha kuhesabu.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alifanya kila kitu. Alipotoka hakuwapa pole kwanza. Aliuliza, kama mtu anayejaza fomu, "Mlichelewa wapi?"

Mngejibu nini ninyi?

"Ingekuwa robo saa mapema," daktari akasema, na hapo akaziona nyuso zao.

Wakatoka nje. Gari lilikuwa limeegeshwa vibaya mbele ya mlango wa mapokezi, injini bado inalialia kwa joto. Na pale, kwenye mlango wa kushoto, ilikuwapo sumaku ya mwenyekiti. Kilomita kumi na mbili za mashimo na makorongo, mwendo ule, na haikudondoka. Uzi wake ulikuwa unapepea.

Fundi aliiona. Akasimama. Mama Ndeshi alikuwa anamtazama usoni, hakuwa na mahali pengine pa kutazama, na akaona. Kwa muda wa kufumba na kufumbua, kabla msiba haujamrudia, uso wa mumewe ulifurahi.

Mlango ulikuwa chuma kitupu. Gari lilikuwa la kweli.

Hapo ndipo mama yule alipoanza kulia. Si ndani, mbele ya kitanda. Pale nje.

Chama kilikuja msibani, nao hawakukosa utu. Walileta unga, sukari na turubai la kukalia wageni. Na mwenyekiti, akiwa amevua kofia, alimpa fundi bahasha. Ndani yake kilikuwamo kibati cha shaba. "Tumekaa kikao," alisema. "Kwa mazingira yale, tumeona kanuni ya kamba isamehewe."

Kumbe ilikuwa inasameheka.

Ndugu zangu, msikimbilie kumhukumu fundi. Sisi nasi tuna kamba yetu na sumaku yetu. Nani Mkristo wa kweli? Huyu alibatizwa kwa maji mengi, yule alinyunyiziwa. Huyu ana sare ya umoja wa wanawake, yule amejifunga kitenge cha rangi nyingine. Mwezi uliopita tulikaa kikao tangu saa tatu mpaka saa sita mchana, tunajadili kama marehemu yule wa bondeni azikwe na kwaya au bila kwaya, kwa kuwa ndoa yake haikubarikiwa. Mnakumbuka. Watoto wake wanne walikuwa wamekaa nje juu ya matofali, mdogo hana viatu. Nani aliwapelekea uji? Hakuna. Sisi tulikuwa ndani tunachangia hoja, na hoja zilikuwa nzuri, zina mistari ya Maandiko. Tulichoamua nakikumbuka. Walikokwenda wale watoto sikujui, na sijamsikia mtu akiuliza.

Ningependa kuwaambia kwamba yule mama alifarijika, na fundi akaliuza gari, na chama kikabadilisha kanuni. Sina habari hiyo. Agosti iliyofuata walizungusha kamba pale pale, na magari yalikuwa kumi na sita.

Wala siwaombi mjichunguze kama ninyi ni wa kweli. Hilo tumelifanya mno. Nadhani tukikaguliwa leo tutapita. Mwenyekiti atuwekee sumaku kifuani mmoja mmoja, kuanzia benchi hili la mbele mpaka lile la nyuma. Itashika. Haitadondoka hata kwa mmoja wetu.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sasa tuinuke. Na kama kuna mtoto anakohoa hapo nje, naomba aliye karibu na mlango atoke sasa, asisubiri baraka ya mwisho.