Umra Moja ya Bi Sikudhani

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sirudii.

Tanga mjini, kwenye tawi la benki lililo katikati ya mji, siku moja walikutana watu watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Mbwana Kihiyo, mlinzi wa mlangoni, alijaliwa macho. Mtu akipita mbele yake mara moja, hata arudi baada ya mwaka kanyoa ndevu na kubadili kanzu, Mbwana atamtambua kwa mwendo.

Athumani Tindwa, mnadi wa samaki, alijaliwa sauti. Akinadi changu sokoni, walioko ng'ambo ya barabara wanajua bei imefika wapi.

Rukia Semboja, karani wa dirisha la tatu, alijaliwa subira. Kuna mteja aliwahi kumuuliza swali moja mara sita, na mara ya sita Rukia alijibu kama ndiyo kwanza analisikia. Mimi ningekuwa nimeshafunga dirisha, lakini mimi si Rukia.

Mwenye hadithi ni wa nne, Bi Sikudhani Shekiondo. Miaka thelathini na minane alifanya kazi korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, akipiga brashi singa, zile nyuzi za mkonge, mpaka ziwe nyeupe. Alipostaafu aliendelea kuweka akiba kwa nia moja tu: kwenda Makka kuhiji. Jumatano aliuza mbuzi wake wa mwisho, na akiba ikatimia. Alhamisi saa tisa alasiri orodha ya mahujaji ilikuwa inafungwa, na ada ilikuwa lazima ipite benki. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na kila ngazi alikuwa anaipanda kwa kuomba Mungu. Mwaka huo ukimpita, yeye mwenyewe alijua hakuna mwingine.

Basi Alhamisi hiyo alifika benki mapema mchana, akachukua namba, akakaa. Ukumbi ulijaa wastaafu, maana ilikuwa mwisho wa mwezi. Namba yake ilipoitwa ilikuwa imekaribia saa nane. Karani wa dirisha la kwanza akamsogezea kimashine cha alama za vidole, kilichoanza kutumika mwezi huo.

"Weka dole gumba, mama."

Akaweka. Mashine ikawaka nyekundu. Akafuta dole kwa kanga, akaweka tena. Nyekundu. Mara ya tatu, nyekundu.

"Mama, mfumo haukutambui."

"Haunitambui vipi, mwanangu? Kitambulisho hiki hapa, na sura hii hapa."

"Sura naiona. Lakini bila alama ya kidole pesa haitoki. Ni utaratibu. Anayefuata!"

Bi Sikudhani alitazama viganja vyake. Vilikuwa laini, vinang'aa kama kijiko cha zamani. Mkonge ulikuwa umekula mistari yote, na yeye hakuwahi kujua kwamba ile mistari ingekuja kuulizwa. Alijisikia mnyonge kweli. Akainuka kwenda mlangoni, na njiani akaweka nadhiri kimyakimya: "Ya Rabbi, atakayenifungulia njia hii leo, nikimaliza hija yangu nitamfanyia umra, ile hija ndogo, mzazi wake aliyefariki." Hakuna aliyemsikia ila aliyeambiwa.

Alikuwa amekwisha kukanyaga ngazi ya nje Mbwana alipomzuia.

"Shikamoo mama. Mbona unatoka na machozi? Wewe kila mwezi huingia hapa ukivuta mguu wa kulia, na hutoka unacheka."

Akamweleza. Sasa mlinzi wa pale haruhusiwi kuacha mlango hata kwa dakika moja. Mbwana aliuacha. Alimshika mkono mama wa watu mpaka ofisini kwa meneja, akasema, "Bosi, huyu namjua miaka kumi na sita. Ndiye yeye. Nikiwa mwongo, nifukuze."

Meneja akamtazama mlinzi, akautazama mlango usio na mtu. Akasema, "Maneno yako hayaingii kwenye mfumo. Lakini ajaribiwe tena, dirisha la tatu. Apange foleni kama wenzake." Jioni ile Mbwana alikabidhiwa barua ya onyo.

Kupanga foleni tena! Namba mpya ya Bi Sikudhani ilikuwa tisini na moja, na kwenye kioo ilikuwa inaitwa sitini na mbili. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika kumi na tano. Akasimama katikati ya ukumbi hajui akae au aondoke.

Hapo Athumani mnadi, mwenye namba sitini na tatu, akasimama juu ya kiti.

"Jamani, wana Tanga! Kuna mama hapa anakwenda kuhiji, na orodha inafungwa saa tisa! Namba yangu ni yake. Mwenye kinyongo aseme sasa, nimsikie!"

Mzee mmoja akaguna, "Na sisi tuna safari zetu."

"Safari yako ni ya wapi, babu?"

"Nyumbani."

"Nyumba haifungwi saa tisa!"

Ukumbi mzima ukacheka, na mzee naye akacheka, akasogeza miguu mama apite. Athumani akachukua tisini na moja. Alikuwa amekuja kulipia injini ya boti aliyowekewa mpaka saa kumi. Zamu yake haikufika mpaka benki inafungwa, na injini ikachukuliwa na mwingine.

Bi Sikudhani akaketi mbele ya Rukia. Zamu ya Rukia ilikuwa inaisha saa nane na nusu, na mdogo wake wa pekee alikuwa anaozwa alasiri hiyohiyo. Pikipiki ya kumpeleka harusini ilikuwa nje inapiga honi. Rukia akazima simu yake.

"Mama, kitambulisho chako kina vidole vyote kumi. Tutavijaribu kimoja kimoja. Hatuna haraka."

Hatuna haraka, anasema, na saa inakimbia! Akatoka nyuma ya kioo na bakuli la maji ya uvuguvugu. Akaosha kidole, akakikausha, akakiweka. Nyekundu. Kingine, nyekundu. Alivirudia mara mbili mbili, na honi nje ikachoka ikanyamaza. Vidole tisa vilikataa.

"Na hiki?"

Bi Sikudhani alikuwa amekificha chini ya kanga. Kilikuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kimepinda tangu utotoni, hakikunjuki.

"Hicho kiache, mwanangu. Hata korona walinicheka kwa ajili yake. Hakijawahi kugusa singa."

"Ndicho ninachokitaka, mama."

Rukia akakishika taratibu, akakilaza upande upande. Mashine ikafikiri kidogo. Ikawaka kijani.

Kwenye kompyuta ikatokea picha ya Bi Sikudhani na jina lake lote. Kidole alichokionea haya miaka yote ndicho kilichokuwa kimemtunzia jina lake! Akasema "Subhanallah," na nyuma yake ukumbi mzima ukaitika. Malipo yalipita zikiwa zimebaki dakika nane. Ndoa ya mdogo wake Rukia ilifungwa dada mtu hayupo.

Kabla ya safari Bi Sikudhani alirudi kuwauliza watatu wale habari za wazazi wao.

"Mama alikufa akiweka sarafu za hija kwenye kopo," alisema Mbwana.

"Baba alikuwa nazo zote," alisema Athumani. "Akazitumia kunitibu mimi, akafa hajahiji."

"Mama yangu alishashona mpaka nguo za ihramu, za kuhijia," alisema Rukia. "Tukamzika nazo."

Alikwenda, akahiji, akalia mbele ya Kaaba mpaka kanga ikalowa. Kisha akaenda kwa shehe wa msafara na nadhiri yake.

"Umra moja ni ya mtu mmoja," shehe akamjibu. "Huwezi kuigawa. Ukitaka tatu, fanya tatu."

Tatu! Magoti yalikuwa yamevimba kama mafenesi, na ndege ilikuwa ya kesho alfajiri. Ya kwanza angeiweza, ya pili isingewezekana. Na nadhiri ni deni kwa Mwenyezi Mungu.

Wenzake chumbani wakagawanyika. Mmoja akasema bila mlinzi angekuwa amerudi kwake zamani. Wa pili akasema bila mnadi saa tisa ingemkuta kwenye kiti. Wa tatu akasema bila karani hao wawili wangekuwa wamemrudisha kwenye taa nyekundu tu. Wakabishana hadi basi likaja.

Sasa Bi Sikudhani amesimama kwenye msikiti ulio mpakani mwa eneo takatifu la Makka, mahali pa kunuilia umra. Amekwisha kutawadha na kuswali rakaa mbili. Basi linamngoja. Shehe anamwambia kwa upole, "Nuia, bi mkubwa. Mtaje mtu wako."

Akainua mikono. "Labbaika umra, kwa niaba ya..."

Watatu waliofariki, na pumzi ni moja. Nanyi mnaonitumbulia macho hapa, msingoje niwamalizie. Kama ulimi ule ungekuwa wako, ungemtaja nani?