Salama Isiyo na Ila

Sogeeni, lakini msinikate kauli. Nikinyamaza ndipo zamu yenu, na ninavyowajua, mtagombana.

Bi Mwantumu wa Tanga alikuwa na watoto watatu, watu wazima wote. Shekue alijaliwa macho: akiingia kwako anajua ulichohamisha tangu juzi. Mwanjaa alijaliwa masikio, anasikia hata lile ulilolimeza. Kibwana alijaliwa ulimi, na akikusemesha unasahau ulikuwa unakataa nini.

Bi Mwantumu alikuwa pia na dada mmoja, Mwanakombo, aliyeolewa Ngazija tangu usichana wao. Hawakuonana tena. Kila mmoja alivaa bangili moja ya jozi aliyowaachia mama yao.

Basi watoto wakachanga, wakamkatia mama yao tiketi ya meli ya kitalii, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, itakayopita Tanga kisha Ngazija. Wiki ileile redio ikaanza kutaja homa mpya, huko mbali, inayoziba vifua vya watu. Bi Mwantumu akaizima redio, akaendelea kupanga sanduku lake.

Meli ikatia nanga. Shekue akaenda kuitazama, akarudi uso umemshuka. "Mama, ghorofa ya tatu madirisha yote yamefungwa pazia, na joto hili. Nani analipia kutazama bahari kisha anafunga pazia?"

"Wamelala," mama akasema. "Wageni hulala mchana."

Mwanjaa akampigia simu Riziki, binti wa jirani yao, aliyekuwa akifanya kazi jikoni humo melini.

"Habari za humo?"

"Salama."

"Wenzako?"

"Salama."

"Na kazi?"

"Salama tu, dada." Simu ikakatika.

"Si umesikia?" mama akasema. "Salama."

"Mama, ila iko wapi?"

Nanyi mnaelewa. Sisi hata nyumba iwe imeungua, kwanza tunasema salama, ndipo tunasema ila. Na asiye na baya atalalamikia hata miguu yake. Riziki, mwenye domo kama redio, hakuuliza hata hali ya mama yake mzazi. Mwanjaa alisikia kwamba kuna mtu amemsimamia Riziki shingoni.

Lakini mama alikuwa ameshavaa baibui. "Dada yangu amezeeka. Nisipokwenda sasa nitakwenda lini?"

Hapo Kibwana akabeba sanduku. "Twende, Mama, nikusindikize. Ila niambie, ukifika utamsalimu kwa mbali?"

"Kwa mbali? Nitamkumbatia mpaka wanitoe."

"Na kama humo melini umepata kitu, si ndicho utakachompelekea?"

Bi Mwantumu akakaa juu ya sanduku lake, akalia. Meli ikaondoka bila yeye.

Baada ya Ngazija hakuna bandari iliyoipokea tena. Ikawa inazunguka baharini na maiti wake, na watu wa Tanga wakawa wanafungua redio kwa hofu. Riziki hajarudi mpaka leo.

Bi Mwantumu akaivua bangili, akaiweka kwenye sinia. "Ni ya aliyeniokoa." Wakaanza kuvutana.

"Bila macho yangu nani angeshtuka?" akasema Shekue.

"Pazia tu? Mimi ndiye niliyejua kuna jambo," akasema Mwanjaa.

"Mlijua, na mama akavaa baibui," akasema Kibwana. "Nani aliyemkalisha?"

Wakiwa bado wanabishana, simu ikalia kutoka Ngazija. Mwanakombo amezikwa. Siku ile meli ilipofika huko, wakubwa wa meli waliificha homa, abiria wakashuka mchana mmoja kutembea. Na Mwanakombo alikuwa pale bandarini. Alimshika mkono kila aliyeshuka, akimuuliza, "Mwantumu yuko nyuma?"

Bangili ikabaki kwenye sinia. Sasa kila mmoja akaisukuma kwa mwenziwe. "Ni yako, wewe ndiye uliyeona." "Ni yako, wewe ndiye uliyesikia." "Ni yako, wewe ndiye uliyemzuia."

Mwanjaa akamgeukia mama yake. "Mama mkubwa hakuambiwa kwamba huendi?"

"Nilisema nitamwambia mwenyewe," mama akajibu. "Akanipigia kabla meli haijafika kwake, akaniuliza habari za safari. Alikuwa anacheka. Nikamwambia salama."

"Halafu?"

Bi Mwantumu akaiangalia bangili.

Nami nanyamaza hapo. Mama yu hai kwa kazi ya watatu, na bangili bado iko kwenye sinia. Je, mngempa nani? Mwenye macho, mwenye masikio au mwenye ulimi? Au mngemrudishia mwenyewe, aivae pamoja na ile salama yake? Semeni, lakini kabla ya kusema, yule ninayemwona kule nyuma anakohoa, hebu aniambie kwanza: habari za kwako?