Mwalimu Rwechungura na Lango la Kusini

Msitu ni mmoja, malango ni mengi. Shangazi yenu ameitamka methali hiyo sasa hivi, nanyi mmeangua kicheko. Muganyizi huyu amefunga sanduku, amenyoa nywele, amewaaga majirani wote kwamba kesho anakwenda chuoni. Alipoulizwa anaripoti kwenye kampasi ipi kati ya zile tatu, akajibu, "Nikifika mjini nitajua." Ndipo shangazi akamtupia msitu na malango yake. Sasa mnataka kujua neno hilo lilitoka wapi. Haya, sogeeni. Lilizaliwa hapa hapa Kayanga, na aliyelisababisha alikuwa mwalimu wa jiografia.

Mwalimu Rwechungura alifundisha ramani miaka thelathini na mitatu. Mwanafunzi aliyejibu swali kabla ya kulisoma lote alichorewa sifuri ya wino mwekundu, kubwa kama sahani. "Soma mpaka nukta ya mwisho!" alikuwa akinguruma, na darasa zima likanywea. Barabarani alikuwa na mwiko mmoja: hakuuliza njia. Alisema mtu wa ramani akiuliza njia ni sawa na mpishi kuomba chakula kwa jirani.

Mkewe Kokusima alikuwa na haja moja tu ya anasa. Ukutani kwake ilining'inia karatasi ya kalenda ya mwaka waliooana, yenye picha ya gorila jike wa milimani amempakata mwanawe. Kila mwaka mwalimu aliahidi, "Iko siku nitakupeleka ukawaone kwa macho yako." Ada za watoto zikaimeza siku hiyo mara ishirini, na magoti ya Kokusima yakaanza kulia kama bawaba kuukuu. Mwishowe daktari akamwambia kama ana mlima wa kupanda, aupande mwaka huu. Mwalimu alihuzunika sana kusikia hivyo, na huzuni yake yeye ilitokea kwenye daftari.

Akapanga safari. Wangejiendesha wenyewe kwa gari lao kuukuu, wavuke daraja la Murongo waingie Uganda, walale Kabale, kesho yake wafike msituni, na keshokutwa wapande kuwaona gorila. Aliandika saa ya kujaza mafuta, saa ya kunywa chai, hata mahali pa kuchimba dawa. Vibali vilipofika alisoma majina yao, akasoma jina la msitu, akasoma tarehe. Chini kabisa palikuwa na mstari mwingine wenye jina la mahali. Akadhani ni anwani ya ofisi. Kwenye ramani yake msitu ulikuwa doa moja la kijani lenye barabara moja nyekundu, naye akaweka nafasi ya kulala pale barabara ilipoishia.

Kokusima naye alijiandaa kwa namna yake. Alijaza kikapu kidogo kahawa ya kutafuna, kama mtu wa kwetu aendaye ugenini.

Basi safari nzima wakawa wanavutana. Kila waliposimama, Kokusima alishuka na kikapu, akasalimia, akagawa punje mbili tatu, akaulizia wazazi wa mtu na mvua za huko. Kihaya chake na Kikiga cha wenyeji vilielewana kama binamu. Mwalimu alibaki kwenye usukani akitazama saa.

"Mama, hizo salamu hazimo kwenye ratiba."

"Ndiyo maana nimezibeba kikapuni," mkewe alijibu.

Siku ya pili, saa sita mchana kamili, walifika mahali pao pa kulala, jirani na lango la kaskazini. Mwalimu aliweka alama ya vema daftarini, akajinyoosha kitini na kuvua viatu. Alijisikia mshindi. Kokusima alikwenda jikoni kumsalimu mwenye nyumba, mwanamke mnene mchangamfu aitwaye Kobusingye, akampa kahawa. Kobusingye akaipokea kwa mikono miwili, akatafuna.

"Kesho mnakwenda kuwaona gorila wa familia ipi?" aliuliza.

Kokusima hakujua. Akaenda kuleta vibali. Kobusingye alivisoma kuanzia juu mpaka chini, kisha akaacha kutafuna.

"Mwalimu!" aliita. "Hebu njoo, baba. Hivi ni vya lango la kusini."

Mwalimu alikuja na soksi. "Lango la kusini? Msitu si huu?"

"Msitu ndio huu."

"Na tarehe si kesho?"

"Ni kesho, saa moja na nusu asubuhi, lakini kule. Kila lango lina gorila wake na waongozaji wake. Asubuhi mlipita njia panda ya kwenda kule. Msitu ni mmoja, baba, malango ni mengi. Ninyi mnangojwa lango lile."

Mwalimu akatandaza ramani. Kati ya lango na lango palikuwa na upana wa kidole gumba. Kobusingye akacheka mpaka machozi. "Hicho kidole kina milima ndani yake. Ni saa nne za gari, na kuna njia panda nne ambazo hazimo humo. Ondokeni sasa hivi, mtafika jua lingalipo. Lakini itabidi muulize."

Mwalimu alimtazama mkewe. Alitazamia lawama, na angezipokea zote. Kokusima alikuwa ameshika goti lake, akiitazama karatasi ile ya kibali kama alivyoitazama kalenda miaka yote. Hapo mwalimu aliona aibu iliyomfika mifupani. Akavaa viatu.

Kwenye njia panda ya kwanza hakukuwa na kibao, ila mwanamke mmoja aliyekuwa akichimba viazi mbatata juu kidogo ya barabara. Kokusima akafungua mlango. Mwalimu akamzuia.

"Leo magoti yako tuyatunze. Nipe hicho kikapu."

Akapanda hadi shambani mwenyewe, kofia mkononi. Akasalimia. Akagawa kahawa, akaulizia mvua, akaulizia watoto. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu apate leseni, akasema, "Dada, naomba unielekeze njia." Kokusima ndani ya gari alicheka mpaka akashika mbavu. Njia panda ya pili alimuuliza mchunga mbuzi, ya tatu fundi baiskeli, na ya nne yule aliyemuuliza akamtafutia mwingine wa kumuuliza. Walifika lango la kusini jua likiwa juu ya kilima cha mwisho, kikapu kitupu.

Asubuhi waliitwa kwa majina. Walipanda taratibu kwa fimbo, magoti yakilia, na karibu na adhuhuri mwongozaji akainua mkono wasimame. Hatua chache mbele yao, kwenye majani mabichi, jike aliketi amempakata mwanawe. Mtoto alimchungulia Kokusima juu ya bega la mama yake. Kokusima alilia kwa furaha chini ya barakoa waliyovalishwa ili wasiwaambukize gorila, wala hakujali kuonekana.

Waliporudi, kalenda iliondoka ukutani. Mwalimu alibandika kibali mahali pake, akapigia ule mstari wa chini mstari wa wino mwekundu, na pembeni akajichorea sifuri kubwa kama sahani. Wageni wakiuliza ni nini, Kokusima alisimulia. Habari za gorila alizipitia haraka, lakini mumewe akiomba njia kwenye shamba la viazi, hapo alikaa sana. Kijiji kikaliokota lile neno la Kobusingye, na mpaka leo hatujaliweka chini.

Kwa hiyo, Muganyizi, sanduku lako ni zuri na nywele zako zimenyolewa vizuri. Hebu lete ile barua ya chuo, uisome hapa mbele yetu mpaka nukta ya mwisho. Msitu ni mmoja, mwanangu, malango ni mengi.