Mlango wa Naibu Kadhi

Wamesimulia wapokezi wa habari za wema, Mola awarehemu, kwamba palikuwa na mwanamke mchaji aitwaye Raihana. Mumewe alitoka na msafara wa biashara akapotea miaka mingi, naye akabaki hana mume wala si mjane. Akaenda kwa naibu kadhi, Harithi bin Dahmani, kuomba ndoa ile ivunjwe kwa sheria.

Harithi akawatoa watu, akamwamuru bawabu afunge mlango. Kisha, astaghfirullah, akamwambia, "Nipe nafsi yako, nami nitakupa hukumu yako."

Raihana akasimama. "Mche Mungu, ewe naibu! Nimekuja kutafuta haki, sikuja kuinunua."

Harithi akacheka. "Haya, nenda kaseme. Usipoleta mashahidi wanne, utachapwa bakora za msingiziaji."

Raihana akarudi nyumbani akilia kwa uchungu. Shangazi yake akamsihi, "Mwenye nguvu mpishe, mwanangu. Tutaaibika."

Raihana akasali, akasubiri moyo utulie, kisha akasema, "Shangazi, mficha uchi hazai. Na kesho ataitwa mwingine mle ndani."

Wakaenda pamoja kwa Kadhi Mkuu, Sheikh Luqmani, aliyemsomesha Harithi tangu utotoni. Raihana akashtaki, Harithi akaitwa, naye mbele ya watu akamdai mashahidi wanne.

"Wanne hutakiwa kwa anayedai zina imetendeka," akasema Sheikh. "Huyu hakudai hayo. Ameshtaki dhuluma, na aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kupaza sauti." Akamgeukia bawabu. "Nani aliufunga mlango?"

"Mimi, ya Sheikh, kwa amri ya naibu. Wala si kwa bibi huyu peke yake."

"Nilitaka kumsitiri!" Harithi akadakia.

"Kumsitiri? Si ungemwita shangazi yake aketi naye!"

Sheikh akatokwa na machozi, kwani alimpenda Harithi kama mwanawe. Hata hivyo akamvua ukadhi pale pale, akaamuru aadhibiwe, na wanawake wengine waliofungiwa mle waitwe wasikilizwe. Kisha akaisikiliza kesi ya Raihana, shangazi yuko ubavuni mwake, akaivunja ile ndoa.

Watu walipotawanyika, Sheikh akaagiza milango ya vyumba vya makadhi wote ing'olewe, kuanzia na wa chumba chake.

Bawabu akashangaa. "Wako pia, ya Sheikh? Nani akutuhumu wewe?"

"Harithi naye," akajibu, "hakuna aliyemtuhumu."

Ndugu zangu, tuwaombee wakubwa wetu ucha Mungu usiku na mchana. Lakini tusiwaachie mlango wa kufunga.