Jenereta ya Mama wa Vifaranga

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja, mfugaji wa kuku, mwenye mashine ya kutotolesha mayai. Ndani yake mlikuwa na mayai mia mbili, yamefika siku ya kumi na tisa. Zimebaki siku mbili tu vifaranga watoke, na asubuhi ile umeme ukakatika. Mayai yakipoa, vifaranga wanafia ndani.

Akawasha jenereta. Ikaunguruma vizuri, dakika kumi, ikazima. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia: petroli imejaa. Akafunga, akavuta kamba, ikawaka kama kawaida. Dakika kumi, kimya. Niambieni, ninyi mngefanya nini hapo?

Majirani wakaja, na kila mmoja ghafla ni fundi. Huyu akasema plagi, ikabadilishwa. Yule akasema petroli ina maji. Ikamwagwa, ikatiwa nyingine. Wa tatu akafungua kabureta akaisugua kwa mswaki, na nasikia mswaki wenyewe haukuwa wake. Kila mara inawaka, kila mara inazima. Mama akakaa chini akalia. Alisema afadhali ingekufa moja kwa moja, kuliko kumchanganya hivi.

Saa nane mchana akapita fundi wa kuchomelea mageti. Injini hakuigusa. Alifungua kifuniko cha tangi, akakigeuza.

"Mama, hii nailoni uliyoifunga hapa ndani ni ya nini?"

"Petroli hupotea hewani, mwanangu. Nimeifunga juzi, isipotee."

"Kifuniko kina kitundu cha hewa, nawe umekiziba. Tangi lisipoingiza hewa halitoi mafuta. Ukifungua kuchungulia, hewa inaingia, ndiyo maana inawaka tena."

Nailoni ikatolewa, jenereta ikafanya kazi mpaka umeme uliporudi. Lakini mayai yalikuwa yameshinda na baridi tangu asubuhi. Walitoka vifaranga kumi na mmoja.

Sasa tuje kwetu sisi. Wengi hapa ni watoaji hodari. Tunachanga, tunapika misibani, tunakesha na wagonjwa wa watu. Lakini jirani akituletea chochote, tunasema, "Usijisumbue, niko sawa." Tunadhani huo ni unyenyekevu. Ni kiburi, ndugu zangu. Halafu tunashangaa: mbona upendo umeniishia, na kusali nasali?

Nami nisiwadanganye. Mwezi wa nne nilipougua, mama mmoja wa kanisa hili alipanda mlima kutoka bondeni na chupa ya uji. Nilimrudisha mlangoni na chupa yake, nikamwambia mchungaji hapendi kusumbua watu. Yupo hapa, amekaa pale dirishani. Mama, nilikosa, unisamehe. Leo baada ya ibada nakuja kula kwako, na nakuja mikono mitupu.